Fundi Machibya Hanyanyuki

Ukitaka kumpata shemeji yangu Machibya, usijisumbue kumpigia simu. Nenda Mabatini, hapa Mwanza, pita maduka ya vitambaa, utaona baraza yenye cherehani zimepangwa ukutani. Mafundi wengine wanakuja na kuondoka. Machibya yupo. Alfajiri yupo, mchana yupo, jioni watu wanafunga maduka naye bado anakanyaga cherehani, shingo imeinama kwenye mkono wa koti la mtu. Wateja walimpa jina la Fundi Hanyanyuki, naye akalipenda kuliko jina la ubatizo.

Mimi naitwa Kija. Dada yangu Selina ndiye mke wake, kwa hiyo kumtania shemeji huyu ni haki yangu, na haki hiyo nimeitumia miaka yote bila huruma.

Machibya aliamini kwamba mteja akikuta kiti kitupu anahamia kwa jirani. Basi akahakikisha kiti hakiwi kitupu. Maji hakunywa, kwa sababu maji yanadai choo, na choo cha pale barazani kiko nyuma, juu ya mawe, na kina foleni. Haja ikimjia mchana aliibana mpaka ikachoka yenyewe. Jioni akifika nyumbani ndipo anaingia chooni kwake, kile cha kukaa alichojenga kwa majivuno, akiwa na simu mkononi. Sisi tuliokuja kusalimia tulisimama nje na ndoo zetu za maji, tukingoja zamu ya choo, tukimsikia mtangazaji wa mpira humo ndani akipiga kelele za bao. Bao lenyewe la wiki iliyopita.

Chakula chake ni ugali na samaki, au ugali na nyama. Ukimwekea mchicha anausogeza pembeni ya sahani kwa kidole. "Majani ni ya mbuzi," anasema. "Mimi nina miguu miwili."

Siku moja akaona damu.

Haikuwa nyingi, matone tu, mekundu kabisa, na hayakumuuma. Hakumwambia mtu. Baadaye kikaja kijinyama, kinatoka akijisaidia kisha kinarudi, halafu kikaanza kuwa kivivu kurudi. Bado hakumwambia mtu, ila sisi nyumbani tukaanza kuona mambo ya ajabu. Kwanza alipiga marufuku jiwe. Mbele ya nyumba yao kuna jiwe kubwa, mnavyojua Mwanza hakuna nyumba isiyo na jiwe lake, na wanaume wa mtaa hulikalia jioni wakipiga soga. Machibya akawafukuza wote. "Msikalie hilo jiwe, lina joto baya!" Watu wakamtazama kama amerukwa na akili. Kisha akafukuza pilipili jikoni. Kisha akanunua unga kwa muuza dawa mmoja mwenye kipaza sauti, dawa inayotibu bawasiri, mgongo, nguvu za kiume na mikosi ya biashara, yote katika kijiko kimoja. Ule unga ulimharisha mpaka akaomba msamaha kwa watu aliowakosea ujanani.

Mwisho akafanya anachokijua. Akakata kitambaa kizito cha suti, akajaza sponji, akashona duara nene lenye tundu katikati, akalikalia. Mama mmoja aliyefuata gauni lake akaliona limechungulia kitini.

"Fundi, ngata hiyo ni ya kichwa cha nani?"

"Ni oda."

"Ya nani mwenye kichwa kikubwa hivyo?"

"Mtu wa Ukerewe," akajibu shemeji bila kupepesa macho. Wakerewe watanisamehe, mimi namnukuu tu.

Nilikuwa nimekaa pale barazani nikisubiri blauzi yangu, na ile namna yake ya kukaa, upande mmoja kisha upande mwingine, niliifahamu. Mimba yangu ya mwisho nilikaa hivyo hivyo, mtoto akinigandamiza kutoka juu. Nikamsogelea nikamwambia polepole, "Shemeji, kama ni kile ninachodhani, mimi nimekipitia na kilipona. Nenda ukapimwe. Damu si kitu cha kukisia."

"Damu gani? Nimesema habari ya damu mimi? Ni mgongo." Akakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisiendelee kuongea.

Pengine angeendelea na mgongo wake mpaka leo, kama si Queen. Queen ndiye binti yao wa kwanza, mwalimu, alisomea ualimu wake Butimba, na huko akapata mchumba. Akamwambia mama, mama akamwambia baba: kijana anaitwa Rwekaza, Mhaya, anafanya kazi za afya.

"Mhaya!" Machibya akasema. "Atakuja kunisemesha Kiingereza sebuleni kwangu." Lakini alikuwa anatabasamu. Queen ni roho yake. Yule mtoto alilelewa chini ya cherehani, akichezea mabaki ya vitambaa, na cheti chake cha ualimu kimetundikwa barazani juu ya picha za mishono.

Sasa tatizo ni hili. Katika ukoo wa Machibya, siku ya kupokea posa baba mwenyewe hukaa kitini mbele ya wageni, na hanyanyuki mpaka maneno yaishe. Akinyanyuka kabla, ni kwamba amekataa, na hakuna anayemuuliza sababu. Wahaya nao kwa maneno tunawajua. Siku ya posa ikishapangwa, mtu wa kwanza duniani kujivunia kutonyanyuka akagundua kwamba hawezi kukaa.

Akaenda kutibiwa kwa siri, nasi habari hii tuliipata baadaye. Alichagua zahanati moja ya Butimba kwa sababu huko hajulikani. Mapokezi wakamuuliza jina.

"Antoni."

"Antoni nani?"

"Antoni tu."

Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kiti. Shemeji akasema angependa kusimama.

"Unasumbuliwa na nini, mzee?"

"Mgongo."

"Sehemu gani ya mgongo?"

"Chini."

"Chini kiasi gani?"

"Chini mpaka unapoishia, halafu mbele kidogo."

Kijana hakucheka. Alifunga mlango, akavuta pazia, akavaa glavu, akamweleza kila atakachofanya kabla ya kukifanya. Shemeji anasema alikazia macho kalenda ukutani mpaka akawajua watakatifu wa mwezi mzima. Alipomaliza, yule daktari akanawa mikono, akangoja mgonjwa afunge mkanda wake bila haraka.

"Ni bawasiri, mzee. Usiogope neno. Pale mwishoni kila mtu ana vifuko laini vya mishipa ya damu, mimi ninavyo, mke wako anavyo. Vinasaidia njia ijifunge vizuri. Ugonjwa unakuja vikijaa damu vikavimba."

"Kama kile kifuko cha kuchomekea pini," shemeji akasema, akasahau kwamba anajificha.

"Wewe ni fundi cherehani?"

"Hapana. Ndiyo. Na kinachovijaza ni nini?"

"Mgandamizo. Hebu niambie siku yako inavyokwenda."

Machibya akaeleza. Kwa fahari kidogo, maana hakuzoea kuona kosa ndani yake: kiti, kubana haja, ugali, simu chooni. Kijana akawa anaandika, halafu akaacha kuandika.

"Maji unakunywa lini?"

"Jumapili."

"Sikiliza, mzee wangu. Bila maji na bila mboga, choo kinakuwa kigumu. Kikiwa kigumu unakisukuma, na kila ukisukuma damu inajaa kwenye vile vifuko na kurudi inachelewa. Haja ukiibana inazidi kukauka. Halafu jioni unakaa na mpira wako, huku sehemu za chini zinaning'inia bila kitu cha kuzishikilia. Na umri nao unalegeza nyama zinazovishika, ndiyo maana vinateleza kutoka nje. Hujalogwa. Umekaa."

"Na jiwe?"

"Jiwe gani?"

Shemeji akamweleza habari za jiwe. "Jiwe halina kosa," daktari akasema. "Pilipili inaweza kukuwasha ukiwa tayari na kidonda, lakini siyo iliyoleta."

Ndipo Machibya akafungua mfuko akatoa ile ngata. Kijana akaigeuza mkononi, akaukagua mshono kwa heshima kabisa. "Umeshona vizuri sana. Ila hili tundu ni sawasawa na tundu la choo, linaiacha mishipa ining'inie. Kalia mto wa kawaida. Na kila mara nyanyuka utembee."

"Kunyanyuka?"

"Ndiyo dawa yenyewe, mzee. Kunyanyuka, maji, mboga za majani, maharage, matunda. Haja ikikujia nenda, usiibane. Simu ibaki nje. Ukitoka, kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nitakupa na dawa ya kupaka. Leo sijaona kitu kibaya, lakini kwa umri wako sitaki kuishia hapa. Nakuandikia uende hospitali wakuangalie ndani zaidi, kwa sababu kuna magonjwa mabaya yanayoanza na damu kama hii hii, na kwa macho tu huwezi kuyatofautisha."

Alikwenda hospitali, Mungu ni mwema, ndani hapakuwa na kingine. Nyumbani sisi tukaona miujiza tu. Selina akatafuta beseni lake la kufulia wiki nzima. Mtu aliyesema majani ni ya mbuzi akawa anaomba aongezewe mlenda, na chupa ya maji ikasimama kando ya cherehani. Pale Mabatini mteja akaja akakuta kiti kitupu, Machibya yuko nje ananyoosha miguu, mteja akauliza, "Fundi amefariki?"

Siku ya posa ikafika akiwa nusu amepona. Kijinyama kilikuwa kimerudi ndani, damu imekoma, lakini kiti cha mbao bado kilikuwa adui. Akaweka mto wa kawaida kama alivyoelekezwa, akakaa mbele ya wageni, mgongo umenyooka.

Wageni waliongozwa na baba mdogo wa kijana, Mzee Rugemalira, mwenye koti lililokaa vizuri mpaka shemeji akalitazama mshono kabla ya kumtazama mwenye koti. Walileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kikazungushwa. Maneno yakaenda vizuri. Rugemalira alitumia Kiingereza mara moja tu, akajirudi mwenyewe. Wakataniana: Wasukuma kwa ugali wa kufukia mtu, Wahaya kwa kusifia ndizi kana kwamba waliziumba wao. Queen alikuwa jikoni na mimi, anasikiliza ukutani, anacheka kimya kimya.

Ndipo akaitwa kijana, ambaye alikuwa anangoja nje. Akaingia. Mwembamba, mwenye miwani. Akainama mbele ya baba wa mchumba wake.

"Shikamoo, baba."

Machibya hakusema marahaba. Alinyanyuka.

Mzee Rugemalira alingoja kidogo, labda mwenye nyumba anarekebisha suruali, lakini Machibya alibaki amesimama, uso umekauka, kisha akageuka akaingia chumbani akafunga mlango. "Waitu," Rugemalira akasema taratibu, kwa heshima ya Kihaya, "baba amesimama." Akachukua kikapu chake cha kahawa, wakatoka uani kutafuta viatu vyao.

Queen aliangukia kifuani kwangu akalia, kilio cha mtoto kabisa. Dada Selina alikuwa amekaa sakafuni mikono kichwani. Nikamwacha Queen na mama yake, nikaenda kugonga mlango wa chumbani.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Ni yeye," sauti ikatoka ndani, ndogo.

"Yeye nani?"

"Daktari. Kija, yule kijana ameniona."

"Amekuona wapi?"

"Kote."

Akanifungulia, akanieleza yote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu sikupata utani. Kwetu Usukumani mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Baba mkwe na mume wa binti yake hawali sahani moja, hawaketi wameelekeana ovyo, na kuonana utupu ni jambo ambalo watu hawalitaji hata kwa mafumbo. Na huyu kijana hakuuona kwa bahati mbaya, kwa upepo kuinua nguo. Aliukagua kwa taa.

"Waambie sababu, basi," nikamwambia. "Wazee watatafuta njia."

"Nikasimame pale niseme? Bora nife."

Dirisha la chumba linatazama uani, na pazia lilikuwa limeshuka. Tukasikia sauti ya Mzee Rugemalira chini yake.

"Rwekaza, umemkosea nini mzee yule? Alikuwa anacheka nasi mpaka ulipoingia. Mmewahi kukutana?"

"Baba mdogo, sina la kusema kuhusu mzee."

"Umempiga? Umemtukana? Watu wetu watauliza. Watasema umekutwa na jambo chafu. Jitetee!"

"Sina la kusema."

Kisha ikaja sauti ya Queen, imekauka kwa kulia. "Rwekaza, niambie mimi. Kama kuna kitu kati yako na baba, niambie mimi peke yangu."

Hapo neno moja tu lingemsafisha kijana. Angesema "ni mgonjwa wangu", na sisi sote tungeelewa, tena tungecheka, na aibu ingebaki ndani ya hiki chumba pamoja na mwenyewe.

"Queen," akasema, "baba yako ni mtu mzuri. Akikataa, amekataa. Mimi siwezi kusema zaidi, hata kwako."

"Basi nenda," Queen akasema.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameshika pazia kwa mikono yote miwili, na machozi yanamshuka. Nilimpenda siku ile, jamani, nasema wazi, kuliko siku zote nilizomcheka. Alijifuta kwa kiganja. Akapita mbele yangu, akafungua mlango, akatoka mpaka uani ambako wageni walikuwa wameshavaa viatu.

"Wazee wangu, ngojeni," akasema. "Nina bawasiri."

Kila mtu akatazama viatu vyake.

"Inatokana na kukaa," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani, "na kukosa maji, na kusukuma, na mimi mwenyewe kudharau mboga. Nilikwenda Butimba nikatibiwa. Aliyenitibu ni huyu. Ameona kila kitu. Nilipomwona leo nikashindwa kukaa na aibu yangu. Sasa nimemsikia hapo dirishani akikubali kumkosa mwanangu kuliko kunitaja. Mimi nimevunja posa, na sijui mila inasemaje, lakini kosa si lake."

Queen aliziba mdomo kwa kanga. Selina akasema, "Kumbe beseni langu!"

Mzee Rugemalira alivua kofia, akaivaa tena. Akasema kwamba hata kwao Bukoba jambo hili ni zito, na kwamba mkwe akiona asichotakiwa kuona, lazima mbuzi atoke wa kuosha aibu. Lakini kuna swali. Aliyeona alikuwa kazini, tena hakuwa mkwe bado. Aliyeonyesha alijipeleka mwenyewe, kwa miguu yake. Sasa mbuzi anatoka upande gani? Wazee wakaanza kubishana palepale uani, wengine wakisema upande wa kijana, wengine wakisema wenye binti.

Ndipo Rwekaza akainua mkono kama mwanafunzi.

"Naomba niseme kidogo. Baba, tusameheane, lakini mimi sikumbuki kukuona. Mgonjwa wangu wa Butimba alikuwa anaitwa Antoni. Antoni tu. Wewe nimekuona leo kwa mara ya kwanza, na nimekuamkia, hujaniitikia."

"Basi mbuzi atatolewa na Antoni," Rugemalira akasema, akavua viatu.

Wakarudi sebuleni wote. Kikapu cha kahawa kikarudishwa mezani. Rwekaza akainama tena mbele ya kiti, akaamkia upya, na Fundi Hanyanyuki akasema marahaba, akaunyoosha mto wake, akakaa.